Dawa za choo baada ya kukazwa tumbo: za kununua na za kuziacha dukani

Ninawaandikia wanawake wenzangu wa Unguja na Pemba wanaovuka kwenda Dar es Salaam, au wanaofika mpaka India, kukazwa tumbo kwa upasuaji baada ya uzazi, kisha wakarudi nyumbani na mfuko wa dawa za maumivu na karatasi yenye neno "usijikamue". Karatasi yangu nami ilikuwa na neno hilo. Haikueleza mtu afanye nini ili asijikamue, na ndani ya mfuko hamkuwamo hata dawa moja ya kulainisha choo. Nikazitafuta mwenyewe: nyingine kwenye maduka ya dawa ya mjini, nyingine Darajani kwa wauza dawa za miti shamba, nyingine zikaletwa na jamaa waliokuja kunitazama. Nimezitumia karibu zote, ndiyo maana nazisemea.

Kwa aliye na haraka: kilichonifaa kuliko vyote ni poda ya makrogoli pamoja na kigoda cha mbao cha kuwekea miguu chooni. Dawa ya glisarini ya kutia nyuma ni ya akiba, na ni akiba nzuri. Laktulosi inafanya kazi ila inajaza gesi. Majani ya sanamaki ya kuchemsha siyashauri kabisa wakati kidonda bado kibichi. Isabgol, yale maganda ya mbegu ya kukoroga na maji, si mbaya, lakini ina wakati wake na watu wengi wanaianza mapema mno.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Jang'ombe, nina watoto wanne, wa mwisho pacha. Baada ya pacha misuli miwili ya mbele ya tumbo ilitengana, pakabaki uwazi katikati unaopitisha vidole. Nikikaa kwenye cherehani mgongo unaniuma, nikijiinua kitandani tumbo linachomoza katikati. Mkaja nilifungwa vizuri na mkunga wetu kwa uzazi wote, na arobaini nikaikaa, lakini misuli iliyokwisha kutengana kiasi kile haikurudi. Upasuaji wenyewe uko hivi: ngozi hukatwa chini kabisa ya tumbo kutoka nyonga hadi nyonga, misuli ikavutwa na kushonwa ikutane katikati, ngozi ya ziada ikaondolewa, na kitovu kikatolewa mahali papya. Ule mshono wa ndani ndio wa kuuchunga. Mtu wa kazi yangu halielezwi sana jambo hili: kitambaa kilichoshonwa huku kimevutwa, ukikitanua kwa nguvu mapema, uzi unakata nguo. Ukijikamua chooni huku umezuia pumzi, msukumo wote wa ndani ya tumbo unaelekea kwenye ukuta ule ule ulioshonwa. Mshono unaweza kulegea, damu inaweza kuvujia chini ya ngozi. Na maumivu nayo humfanya mtu akiogope choo, akaahirisha, choo kikazidi kukauka. Madaktari wengi wanataka wiki sita hivi bila kujikamua wala kunyanyua kizito, na aliyeshonwa misuli huenda akaambiwa zaidi.

Watu wengi hudhani tumbo linafunga kwa sababu ya kutokula. Kutokula kumo, lakini sababu kubwa ni dawa ya maumivu. Tramadoli, kodini, mofini na jamaa zake hushika kwenye ubongo, na hushika kwenye utumbo pia. Zikifika huko utumbo unapunguza mwendo, choo kinakaa ndani muda mrefu, maji yake yanafyonzwa, kinabaki kikavu. Ongeza dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji, kulala kutwa, na ile tabia ya mgonjwa kujinyima maji ili asisumbue watu kumwinua kwenda msalani. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa waliopungukiwa damu vinafunga. Hata ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, inafunga. Mwili huzoea mengi ya tramadoli baada ya muda, kama kusinzia na kichefuchefu, lakini huku kufunga choo hauzoei. Kwa hiyo dawa ya choo huanzwa siku ile ile inapoanzwa dawa ya maumivu. Kungoja mpaka tumbo liwe gumu ni kuchelewa, na mtu aliyekatwa tumbo hana nafasi ya kuchelewa. Laiti hospitali niliyopasuliwa ingeliandika hilo kwenye karatasi yake! Ni mstari mmoja tu, ungewaokoa wagonjwa wengi.

Hapa niseme na parasetamoli, kwa kuwa ni rahisi na iko kila duka. Parasetamoli haifungi choo. Nilipompigia simu daktari na kumweleza hali yangu, alinipangia parasetamoli kwa saa maalumu mchana kutwa, tramadoli ikabaki ya usiku tu, na baadaye ikaondoka kabisa. Mabadiliko hayo hayakunigharimu kitu na yalinipa nafuu kubwa. Lakini usijipangie mwenyewe bila kuuliza. Maumivu yakikuzidi hutembei na hupumui vizuri, na mgonjwa asiyetembea ana hatari ya damu kuganda miguuni.

Sasa poda ya makrogoli. Haiko kila duka hapa Unguja, na maduka mengine wanaifahamu kwa jina la kampuni tu, kwa hiyo taja makrogoli na uongeze kwamba ni poda ya kuchanganya na maji. Dadangu alizunguka mjini hadi akaipata kwenye duka moja karibu na Darajani, na nataka kulisifu duka hilo kwa namna walivyouza kuliko walichouza. Kijana wa dukani hakumkabidhi dadangu pakiti akachukua pesa. Aliomba kuzungumza nami kwenye simu.

"Shikamoo mama. Pole na maumivu."

"Marahaba mwanangu. Nishapoa."

"Nikuulize maneno matatu, usinionee haya. Upepo unatoka?"

"Unatoka, kidogo kidogo."

"Unatapika?"

"Hapana."

"Tumbo limejaa likawa gumu, au ni uzito wa chini tu?"

"Ni uzito wa chini."

"Basi nakupa. Lakini mama, upepo ukikata, ukaanza kutapika na tumbo likavimba, usinywe hii wala nyengine yoyote. Nenda hospitali saa hiyo hiyo."

Yule kijana angenikuta barabarani nisingemjua, lakini nilimwombea dua usiku ule. Maswali yake ndiyo yanayotenganisha choo kilichochelewa na utumbo uliosimama au kuziba, na utumbo uliosimama si wa kutiwa dawa ya kuendesha. Duka lisilouliza chochote, likakupa kopo na chenji yako, mimi nisingerudi tena. Tazama pia kama duka lina cheti cha Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar na kama pakiti ina tarehe ya mwisho inayosomeka. Poda ikishapata unyevu wa hapa kwetu hushikana mabonge.

Makrogoli haifyonzwi mwilini. Inashikilia maji unayoinywea, inashuka nayo mpaka kwenye utumbo mpana, choo kinapata maji na kulainika. Haiukuni utumbo ukajikunja, na gesi yake ni kidogo. Ya kopo hupimwa gramu 17 kwa bilauri moja ya maji. Ya pakiti ndogo, zile za gramu 13 na kitu, huvunjwa katika mililita 125, yaani nusu bilauri. Soma pakiti yako, usichanganye vipimo vya hii na ile. Ya kopo niliyoitumia ikiyeyuka maji yanabaki meupe safi na ladha yake karibu haipo, nikawa naitia hata kwenye maji ya ukwaju yasiyo sukari nyingi. Zile za pakiti zina chumvi ndani, na ulimi unaisikia.

Usitegemee ifanye kazi usiku ule ule. Huchukua siku moja mpaka tatu, na hapo ndipo watu wanapokosa subira wakaongeza kitu kikali juu yake. Mimi niliendelea nayo kila siku, na ilipofika wakati wake choo kilikuja chenyewe baada ya chai ya asubuhi, laini, bila msokoto. Nililia kwa furaha, na siyaoni machozi hayo kuwa madogo. Kasoro zake ni mbili: ni ghali kuliko sharubati ya laktulosi, na bila maji ya kutosha mchana inakosa cha kushikilia. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo aulize daktari kabla.

Kigoda nakipa nafasi sawa na dawa, na wala sitanii. Mtu akikaa kwenye choo cha kukaa miguu ikiwa chini, ule msuli unaozunguka njia ya haja kubwa unabaki umeivuta njia ikapinda. Magoti yakipanda juu ya nyonga msuli unalegea, njia inanyooka, choo kinashuka bila nguvu nyingi. Ndiyo faida ya vyoo vyetu vya kuchutama. Kwangu Jang'ombe choo ni cha kuchutama, lakini siku za mwanzo mwenye tumbo lililoshonwa hawezi kushuka mpaka chini, na akishuka hainuki bila kulitumia tumbo lile lile. Kwa hiyo niliuguzwa kwa dadangu Kiembe Samaki, kwenye choo cha kukaa, na kigoda kikanipa nusu ya faida ya kuchutama bila ile adha ya kuinuka.

Mkwe wangu alileta kibao cha mbuzi. Urefu wake unafaa, ila ule ulimi wa chuma uko tayari kumkwaruza mtu mguu, na kibao chenyewe kinakunjika. Vigoda vya plastiki vya Darajani ni vyepesi na sakafu ya choo ina maji siku zote, vinateleza. Bwana'ngu akaenda kwa seremala, akamwambia atengeneze kigoda cha kimo cha shibiri moja, kipana cha kutosha miguu miwili iliyoachana kidogo, kisicheze hata chembe. Yule fundi, Mungu amjaalie, alikata vipande vya kandambili kuukuu akavigongomea chini ya kila mguu wa kigoda, vichwa vya misumari akavizamisha ndani ya mpira visikwaruze vigae. Kimekaa pale pale hata sakafu ikirowa. Juu akakipiga randa tu bila vanishi, ili nyayo zenye maji zisiteleze. Hiki ndicho kitu pekee katika mambo yote haya ambacho nyumba nzima inakitumia mpaka leo.

Namna ya kukitumia ina adabu zake. Nenda chooni baada ya kula, hasa asubuhi, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao huamka. Kahawa chungu kikombe kimoja husaidia kuuamsha, na kwetu kahawa haina shida. Kaa, weka miguu juu ya kigoda, egemeza viwiko mapajani, mto mdogo uukumbatie tumboni. Fungua mdomo utoe pumzi taratibu. Mtu anayetoa pumzi hawezi kujikamua sawasawa hata akitaka, na hiyo ndiyo kinga yako. Zikipita dakika kumi hakuna kitu, inuka kwa kusaidiwa, tembea ukumbini, jaribu tena baada ya chakula kingine. Simu iache chumbani.

Suala la kustanji nalo halisemwi, na linaumiza watu. Huwezi kujipinda kulifikia kopo wala kugeuka nyuma. Dadangu alifungiwa mpira wa maji wenye kichwa cha kubonyeza, ukutani upande wa kulia, na kitu hicho kilinihifadhia heshima yangu kuliko ninavyoweza kueleza. Kabla ya safari, mwambie fundi bomba akufungie. Na sala tulisali kwa kukaa kitini, rukuu na sijida kwa kuinamisha kichwa, kama alivyoruhusiwa mgonjwa.

Laktulosi ipo karibu kila duka la dawa, ndiyo watakayokupa ukisema tu "dawa ya choo". Ni sharubati tamu sana. Tuliacha chupa juu ya kabati la jikoni, asubuhi sisimizi wameizunguka shingo yake pete nzima. Mtu mzima huanzia mililita 15 mpaka 30 kwa siku, na inachukua hata siku mbili. Ni sukari isiyofyonzwa, vijidudu vya utumboni vinaichachusha, na kuchachuka kunatoa gesi. Kwa mjamzito au mzee asiye na kidonda gesi ni usumbufu tu. Kwa aliyevishwa mshipi wa kubana kuanzia mbavu mpaka nyonga, gesi ni adhabu: tumbo linataka kutanuka, mshipi haukubali, na mshono uko katikati. Choo nilikipata, sikatai. Lakini mwenye uwezo wa kupata makrogoli aanze na makrogoli, na mwenye kisukari aulize, kwani sharubati ile ina sukari nyengine ndogo ndogo ndani yake.

Sanamaki inatoka Darajani, majani makavu ya kijani kilichofifia, yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Wifi yangu alinichemshia jioni kwa mapenzi yake yote. Usiku wa manane nikashikwa na msokoto, tumbo linajikunja na kujikunjua, nami siwezi hata kusimama nikanyooka. Kazi ya sanamaki ni hiyo hasa, kuuchokoza utumbo mpana ujikaze, saa sita mpaka kumi na mbili baada ya kunywa. Kwenye majani ya kuchemsha hakuna ajuaye kiasi gani cha dawa kimetoka kwenye kikombe hiki na kiasi gani kwenye kile. Vidonge vya sanamaki vyenye kipimo ni habari nyengine. Madaktari huviunganisha na makrogoli kwa wagonjwa wanaotumia mofini, na ukiandikiwa na daktari vinywe bila hofu. Vinaweza kugeuza rangi ya mkojo ukawa wa kahawia au mwekundu, usishtuke. Bisakodili iko kundi hilo hilo la wachokozi. Vidonge vyake vina ganda maalumu, havitafunwi, na visinywewe na maziwa, kwa hiyo kile kikombe cha chai ya maziwa cha usiku kiwe mbali navyo.

Mafuta ya mbarika aliyaleta mkwe wangu.

"Mwanangu, sisi zamani tulikunywa haluli, asubuhi umekuwa mwepesi."

"Ahsante mama, ila daktari kanikataza ya kuendesha kwa nguvu."

Akanielewa, akayapeleka kwenye nywele za wajukuu. Sina zaidi ya kusema juu yake. Maziwa ya magnesia nayo sikuyatumia, na mwenye figo mbovu asiyaguse.

Dawa ya glisarini ya kutia nyuma ni kitu ambacho wengi wanakionea haya, na haya hiyo inawatesa bure. Choo kikiwa kimekwisha kushuka, unakisikia kipo mlangoni, lakini kichwa chake ni kigumu, hakuna dawa ya kunywa itakayokifikia upesi. Glisarini inalainisha pale pale, ndani ya robo saa mpaka saa moja. Nililala ubavu kidogo, mto mgongoni na mto tumboni, magoti nimeyakunja, dadangu akanisaidia.  Tatizo lake ni joto letu. Inataka ubaridi, na siku ya umeme kukatika ile pakiti iliyokuwa juu ya meza ililegea ikawa haishikiki. Iweke kwenye friji, na umeme ukikatika izamishe pakiti yake ndani ya mfuko usiopitisha maji kwenye ndoo ya maji baridi. Kuwa nayo nyumbani kabla ya kuihitaji, maana unapoihitaji huwezi kungoja mtu aende mjini na daladala na kurudi.

Na kama siku zimepita, halafu ukaanza kutoka maji maji machafu bila kujizuia, usidhani umepona. Mara nyingi ni choo kigumu kilichoziba na maji yanapita pembeni. Hiyo ni ya daktari. Homa, kidonda kunuka au kutoa usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukata: hayo hayangoji asubuhi.

Chakula sitakirefusha, kila mtu anajua papai. Ninachotaka kusema ni juu ya wageni. Watu wetu wakija kumtazama mgonjwa wanakuja na halua, visheti, mkate wa kumimina, biskuti. Ni ukarimu, na wote huo ni unga, mafuta na sukari usio na kitu cha kuusukuma utumbo. Dadangu aliwaambia wazi wanaouliza: leteni papai, maji ya ukwaju, madafu, mchicha, bamia. Hakuna aliyekasirika. Mwanamke mmoja wa mtaani alileta shokishoki kikapu kizima, nikawa nakula na watoto. Tende mbili tatu asubuhi, maji ya uvuguvugu, uji mwepesi. Mbaazi na maharage nilizisogeza mbele mpaka gesi ilipotulia.

Maji yanahitaji mtu wa kukusimamia. Mgonjwa peke yake atasahau, au atajinyima. Mwanangu wa kike, anayesoma skuli ya msingi, alipewa kazi hiyo: akirudi kutoka chuo cha Kurani anakuja na bilauri, anasimama hapo mpaka nimalize. Kutembea nako vivyo hivyo, hatua chache za kuinama kutoka chumbani mpaka barazani, kila baada ya muda. Mwendo huo huamsha utumbo na kuzuia damu kuganda.

Neno juu ya mshipi. Ule niliopewa hospitali ni mpana, wenye utepe wa kunatana mbele. Kwa joto la Unguja vaa fulana nyembamba ya pamba chini yake, la sivyo ngozi inachubuka kwa jasho. Mkwe alitaka kuzungusha mkaja juu ya mshipi, kama tunavyofungwa baada ya uzazi. Nilikataa kwa heshima. Kubana kupita kiasi kunaongeza msukumo ndani ya tumbo, na ukiula mlo unausikia umekwama kifuani. Muulize daktari wako kama inaruhusiwa kuulegeza kidogo ukiwa umekaa chooni. Wangu aliruhusu, wengine hawaruhusu siku za mwanzo. Kikohozi na chafya vina msukumo ule ule, kumbatia mto. Na kurudi nyumbani kutoka Dar, mwenye uwezo apande ndege. Bahari ikichafuka wakati wa kusi, kutapika ndani ya boti ukiwa na mshono mbichi si jambo la kumwombea mtu.

Imebaki isabgol, ambayo wengi waliniletea kwa kuwa ni ya asili na Wahindi wa mjini wameitumia miaka na miaka. Ni maganda ya mbegu yanayofura yakikutana na maji, yakakipa choo ujazo. Kwenye utumbo unaotembea ni dawa njema. Kwenye utumbo uliolazwa na tramadoli, kuongeza ujazo ni kuongeza mzigo mahali ambapo gari halitembei, na ukikosa maji ya kutosha linaweza kuwa bonge. Nikaiweka kabatini mpaka tramadoli ilipokwisha, natembea nimenyooka na kula chakula cha kawaida. Hapo ndipo nikaacha makrogoli kidogo kidogo na kuingia isabgol: kijiko kimoja cha chai ndani ya bilauri kubwa ya maji, koroga, unywe hapo hapo, kwa sababu ukizungumza na mtu dakika mbili imekuwa uji mzito usiomezeka. Kisha bilauri nyengine ya maji matupu juu yake. Dawa nyengine usizimeze pamoja nayo, ziachie saa mbili hivi, maana inaweza kuzishika zisifyonzwe. Na usiinywe wakati wa kulala. Mimi nainywa alasiri, nikishafunga cherehani.